Komeo lilikuwa kwa nje

Siku ya tatu baada ya maziko ya bibi, kule Rombo, mjomba alitaka chumba cha nyuma kifunguliwe ili magunia ya mahindi yaingie kabla mvua haijanyesha. Mlango ulikuwa umevimba. Tukausukuma watu wawili ukagoma, tukausukuma tena ukaachia kwa kishindo na vumbi likatujaa machoni. Ndani hamna kitu. Ndoo isiyo na mkono, kipande cha mkeka, kalenda ya parokia ya zamani imebaki nusu ukutani. Nikageuka kuurudishia mlango na hapo ndio nikaona kitu ambacho nimepita mbele yake utoto wangu wote.

Komeo lilikuwa kwa nje.

Sio stoo ile. Kilikuwa chumba cha kulala cha mtu. Humo ndimo alikokaa bibi mdogo, mdogo wake bibi wa tumbo moja, tangu kabla sijazaliwa mpaka nilipokuwa darasa la tano akafariki. Sisi watoto tuliambiwa tu anaumwa kichwa.

Kwenye basi la kurudi Dar sikulala. Nikawa natafuta kwenye simu habari za watu waliofungiwa ndani na watu wao wenyewe, natafuta bila mpango, hii inanipeleka kwenye ile, na mahali fulani baada ya Korogwe nikakutana na sista mmoja wa zamani anaitwa Barbara Ubryk. Hiyo ni zaidi ya mwezi sasa. Nimejaribu kuiacha hii stori imekataa kuniacha, kwa hiyo naiandika.

Krakow, Julai 1869

Polandi yenyewe haikuwepo kwenye ramani wakati huo, ilishagawanywa, na mji wa Krakow ulikuwa chini ya Austria. Mwezi Julai mahakama ya pale ikapokea barua isiyo na jina la mwandishi. Barua inasema kwenye konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Masista Wakarmeli kuna sista amefungiwa kwenye chumba chenye giza, na amefungiwa miaka mingi.

Wale Wakarmeli ni watawa wa ndani kabisa, wa klauzura, akishaingia hatoki, na mtu wa nje haingii. Hata hakimu hawezi kugonga tu mlango akapita. Ikabidi aende kwanza kwa askofu, Antoni Gałecki, aombe ruhusa, na hapa askofu angeweza kuzungusha, angeweza kusema nitalishughulikia mwenyewe, tunawajua viongozi wa namna hiyo. Alitoa ruhusa.

Wakaingia. Wakaonyeshwa chumba kidogo, dirisha limezibwa kwa tofali limebaki upenyo tu wa juu. Hamna kitanda, hamna meza, hamna kiti, hamna moto, na kule baridi yake sio ya kuchezea. Kwenye majani makavu yaliyochanganyika na uchafu amejikunyata mwanamke, uchi, amekonda, anawaangalia.

Alikuwa na miaka 52. Aliwekwa mle mwaka 1848 akiwa na miaka 31 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Miaka 21.

Magazeti yaliandika kwamba alikunja mikono akaomba chakula, na akaahidi kwamba atakuwa mtiifu. Hilo la utiifu limenikaa. Miaka 21 kwenye majani na bado anadhani shida ni kwamba hakutii vya kutosha. Askofu mwenyewe alikuja baadaye kuona kwa macho yake, na inasemekana aliwageukia masista kwa hasira akawauliza kama huo ndio upendo wa jirani waliojifunza. Barbara akavalishwa, akapelekwa hospitali. Mama mkuu, Maria Wężyk, na aliyemtangulia kwenye cheo, wakakamatwa.

Mji unalipuka

Habari haikukaa hata wiki. Watu wakajaa barabarani, wakaenda konventini na mawe, vioo vikavunjwa, wakatoka hapo wakaenda kwa Wajesuiti, shirika la watawa wanaume, ambao hawakuhusika na chumba kile kwa namna yoyote ile, wakavunja na huko. Fujo zikaendelea siku kadhaa mpaka jeshi likatolewa.

Kusema kweli mara ya kwanza kusoma hapa nilikuwa upande wa mawe. Nilikuwa kwenye basi, usiku, komeo la bibi bado liko machoni, nikasema moyoni vunjeni, vunjeni vyote.

Ilipofika Agosti moto ukavuka mpaka. Berlin, mtaa wa Moabit, umati ulivamia nyumba ya watawa iliyokuwa imefunguliwa hapo juzi juzi tu, nyumba ya wanaume, ambayo haikuwa imemfungia mtu yeyote. Magazeti ya Krakow na Vienna yalishasomwa mpaka huko na watu walishachemka. Na Vienna kwenyewe wanasiasa waliliona jambo hili limeletwa na upepo mzuri, maana walikuwa na ugomvi wao mkubwa na Roma kuhusu ule mkataba wa mwaka 1855 ulioipa Kanisa nguvu kubwa kwenye ndoa na shule. Mwaka uliofuata, baada ya Mtaguso wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kutangaza kwamba Papa hawezi kukosea katika mafundisho, Austria ikauvunja mkataba ule. Sisemi Barbara ndiye aliyeuvunja. Nasema kila aliyekuwa na shoka la kunoa alilinolea kwenye jina lake.

Halafu wakaja wa biashara. Riwaya za kuuzwa kwa vipande vipande, kila wiki kipande, zenye picha za sista mrembo na padri na mnyororo. Kwenye picha nyingi anachorwa kijana, nywele ndefu, macho juu kama mtakatifu. Mwanamke wa miaka 52 aliyetolewa kwenye majani sidhani kama angeuza.

Stori ilikuwa imeshaandikwa kabla yake

Kitu kilichonisimamisha ni kugundua kwamba watu walikuwa wanaijua hii stori kabla haijatokea.

Mwaka 1836 kule Amerika kilitoka kitabu chenye jina la Maria Monk, mwanamke aliyesema alikuwa sista Montreal, Kanada, na kwamba masista walilazimishwa kulala na mapadri, na watoto wakizaliwa wanabatizwa halafu wananyongwa. Kiliuzwa mno. Mhariri mmoja wa New York, William Stone, Mprotestanti, tena mtu aliyekuwa tayari kuamini, alisafiri mpaka Montreal akaomba kuingia konventini, akakagua chumba kwa chumba, akarudi akaandika kwamba huyu mwanamke hakuwahi kukanyaga mle ndani. Kitabu kikaendelea kuuzwa hivyo hivyo. Na miaka miwili kabla ya kitabu, Agosti 1834, karibu na Boston, pale Charlestown, umati ulishachoma konventi ya Waursula usiku, na ndani yake mlikuwa na shule ya wasichana, masista ikabidi wawatoe watoto mbio wakimbilie bustanini. Uvumi ulikuwa kwamba kuna sista amefungiwa ndani kwa nguvu. Hakukuwa na sista aliyefungiwa.

Sasa Krakow alikuwepo. Huyu alikuwepo kweli.

Ndio maana naona imekuwa ngumu kwangu. Wale wa Charlestown walichoma kwa uongo, nawahukumu bila shida. Wa Krakow walirusha mawe kwa jambo la kweli, ila jambo lile la kweli walilishika kwa mikono ile ile ya uongo, wakaona uzinzi, wakaona padri, wakaona mnyororo. Mgonjwa wa akili kwenye majani hawakumuona, maana hakuwemo kwenye stori waliyokuwa wameizoea.

Kesi ilivyoisha

Masista walijitetea hivi. Kwamba Barbara, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Anna, alianza kuugua akili miaka ya 1840, akawa anachana nguo, anapiga kelele, anasema maneno mazito, anavua mbele ya dirisha. Kwamba daktari wa konventi alisema atengwe. Kwamba kumtoa nje ni kuvunja klauzura, na kuvunja klauzura sio jambo la mama mkuu kuamua mwenyewe. Madaktari wa mahakama walimpima wakakubali kweli ni mgonjwa. Mwaka haujaisha kesi ikafutwa, haikuonekana kosa la jinai la kuwatia hatiani. Wakaachiwa.

Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa.

Maana yale maelezo nayajua. Nimeyasikia kwa Kichaga na kwa Kiswahili, nikiwa mdogo nimekaa kwenye jiko la bibi nabandua maharage. Anachana nguo. Anakimbilia barabarani. Hospitali ni mbali, alipelekwa mara moja akarudi na dawa, dawa zikaisha, nauli haikupatikana tena. Watu watasema nini. Tutafanyaje.

Hakuna hata mmoja kwenye nyumba ile aliyekuwa mkatili. Bibi alikuwa anamwogesha mdogo wake kila Jumamosi kwa maji ya moto na alikuwa anamsuka, naweza kuuona mgongo wa bibi ameinama. Chumba kilikuwa na dirisha lenye wavu. Kulikuwa na kitanda, kulikuwa na blanketi. Nayaorodhesha haya kama wakili, najiona ninavyofanya.

Na siku wageni wa mahari ya mama mdogo walipokuja redio iliongezwa sauti.

Nilimpigia mama mdogo sista

Mama yangu ana mdogo wake mwingine, mtawa, yuko kwenye shirika miaka zaidi ya thelathini sasa. Nilikuwa naogopa kumpigia. Nilijua nikimweleza atadhani nalishambulia Kanisa, na mimi ni mtu wa Kanisa, nimelelewa humo, sakramenti zangu zote ninazo. Nikapiga Jumapili jioni.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu, mbona sauti imepoa hivyo?"

Nikamweleza. Yote, Krakow, majani, dirisha, barua, mawe. Sikumwambia kuhusu komeo la nyumbani, nilidhani sitaweza. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza na mama mdogo huwa anakatiza watu.

Halafu akasema, "Sisi hapa tuna sista wetu mzee amepoteza kumbukumbu. Usiku anaamka ananigongea, ananiita mama, anataka kwenda kwao na kwao walishakufa wote. Tunapokezana kulala naye. Tumechoka, mwanangu, sikufichi. Kuna siku moja nilimfungia kwa nje. Nusu saa tu nikaoge."

Kimya.

"Nilivyokuwa naoga nikasikia raha. Maji yanatiririka na hamna anayeniita. Hiyo raha ndio ilinitisha, nikatoka na sabuni mwilini nikaenda kumfungulia."

Nikamuuliza kama amewahi kumwambia mtu. Akasema alimwambia mama mkuu siku hiyo hiyo, na mama mkuu hakumgombeza, alipanga upya zamu ili kila mtu apate usiku wa kulala. Halafu na yeye akaniuliza swali, kwa upole, kama anauliza jambo la kawaida tu.

"Huyo wa kwako wa Krakow, chakula alikuwa anapelekewa na nani?"

Sahani

Hilo swali nimelala nalo wiki mbili.

Tunaposema "walimfungia" tunaona mtu mmoja, mkono mmoja, ufunguo mmoja. Lakini miaka 21 ni zaidi ya siku 7,600. Hata kama alikuwa analishwa mara moja tu kwa siku, kuna mtu alibeba sahani au bakuli mpaka kwenye ule mlango mara elfu saba na mia sita, akasikia kinachosikika, akanusa kinachonusa, akarudi kuosha chombo. Tena sio mtu mmoja, kwenye konventi kazi zinazunguka, leo wewe jikoni kesho yeye bustanini. Wanovisi, wale wanaoanza utawa, waliingia wakiwa wasichana wakakuta mlango ule uko hivyo. Wakafundishwa saa ya sala, namna ya kuinamisha kichwa, na kwamba chakula cha kule kinapelekwa muda fulani. Na lile dirisha, mtu aliitwa. Tofali haliingii klauzura lenyewe. Kuna fundi alipanga tofali zile, akalipwa, akaenda kwao kula.

Sasa nakubali kabisa kwamba alikuwa mgonjwa, na mwaka 1848 hakukuwa na dawa ya ugonjwa ule, na hospitali za vichaa za wakati ule nazo zilikuwa na pingu. Ukinieleza hivyo nitaelewa mlango. Ila dirisha sitaelewa. Mgonjwa hapungukiwi kitu kwa kuona mwanga. Dirisha linazibwa kwa ajili ya walioko nje, wasione, wasiulize, na kwa ajili ya walioko ndani nao, ili wakipita uani wasikutane na yale macho.

Hapo ndio nilipoachana na masista wale. Mpaka hapo nilikuwa natembea nao.

Halafu nikakumbuka sahani.

Kwa bibi kulikuwa na sahani moja ya bati, nyeupe, ina maua ya bluu pembeni na imebanduka rangi sehemu mbili. Hakuna mtu aliyekuwa anailia. Ilikuwa inakaa peke yake kwenye kichanja, pembeni ya nyingine, na ikipakuliwa inajulikana ni ya wapi. Likizo zile za kwenda Rombo mimi ndiye nilikuwa mdogo kuliko wote kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa natumwa. Peleka. Nilikuwa natoka jikoni napita chini ya migomba, naweka sahani chini, navuta komeo, nasukuma mlango kidogo, naingiza sahani kwa mguu kwa sababu nilikuwa naogopa kuinama, narudisha komeo, nakimbia.

Nilisema pale juu kwamba komeo sikuwahi kuliona. Nilikuwa nalishika kwa mkono wangu.

Sikuandika uongo, niliamini nilivyoandika. Hicho ndicho ninachoogopa zaidi kuliko lile jambo lenyewe.

Na kwenye ile konventi kulikuwa na mtu mmoja, labda wa ndani au wa karibu na ndani, ambaye naye alibeba au aliona, na siku moja akachukua karatasi. Hakuweka jina. Unaweza kumwita mwoga, anaiangamiza nyumba yake kwa barua ya gizani. Mimi kila nikimfikiria namuona usiku na mshumaa, anajua kwamba kesho yake atakaa meza moja na wenzake wale wale. Sijui alikuwa amekaa na jambo lile miaka mingapi kabla. Mimi nilikaa na la kwangu mpaka chumba kikahitajika kwa mahindi.

Miaka 29 mingine

Barbara hakufa mwaka ule. Kwenye zile riwaya stori inaishia anapotolewa, lango linafunguka, mwanga unaingia, mwisho.

Alipelekwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili hapo hapo Krakow na huko akaishi mpaka mwaka 1898. Miaka 29. Ni mingi kuliko aliyokaa kwenye kile chumba. Alikuwa na kitanda sasa, na nguo, na watu wa kumhudumia, na hilo sio dogo kabisa. Lakini hakutoka tena kwenda kuishi mahali ambapo mlango anaufungua mwenyewe. Aliposhika miaka 80 akafariki. Wale waliorusha mawe wakiwa vijana walishakuwa na wajukuu, magazeti yalishapata mambo mengine mia, na konventi ilibaki pale pale.

Nimekuwa nikijiuliza kama katika umati ule kuna hata mmoja ambaye siku ya Jumapili, mawe yameisha, alikwenda hospitali akauliza naomba kumuona. Sio kuchora, sio kuandika. Kukaa naye tu.

Nauliza kwa sababu nilitaka kurusha mawe nikiwa kwenye basi, na kwa bibi mdogo sikuwahi kukaa.

Wiki iliyopita nilimpigia mama. Nilianza mbali, hali ya hewa, mahindi, mjomba na magunia yake. Halafu nikamuuliza bibi mdogo aliitwa nani. Jina la ubatizo. Mama akanyamaza muda mrefu nikadhani salio limekwisha. Akanitajia. Ni jina zuri, nililitamka mara mbili, kwa miaka yangu yote sikuwahi kulisikia likitajwa kwenye nyumba ile. Akasema alikuwa fundi wa kushona kabla ya kuumwa. Kwamba gauni la komunyo ya kwanza ya mama alilishona yeye.

Nikamwambia mama nakumbuka sahani yake. Ile ya maua ya bluu. Nikasema siku tulipogawana vyombo vya bibi sikuiona, itakuwa imetupwa.

"Haijatupwa," mama akasema. "Ninayo huku. Ndio ninayolia mimi chakula changu, tangu alipofariki."